Kitalu nyumba cha nyumbani Arusha na Moshi: kazi za kila msimu na sababu zake

Ratiba nyingi za kutunza bustani zinazozunguka mitandaoni zimeandikwa na watu wa nchi za theluji. Zinakuambia mwezi wa kumi anza kuziba mianya ya kitalu nyumba, Desemba washa hita, Machi sia mbegu za nyanya kwa kuwa baridi inaondoka. Kwa mtu wa Njiro, Arusha, au Shanty Town, Moshi, Machi ndio masika yanapiga hodi na nyanya ya nje inajiandaa kuoza. Miezi yenyewe si shida kubwa, unaweza kuihamisha. Shida ni kwamba ratiba hizo zinaamini kitalu nyumba ni chombo cha kutunza joto, na imani hiyo imetufikia pamoja na nailoni.

Hapa kwetu kitalu nyumba ni mwavuli na chandarua, si blanketi. Nailoni ya juu inakinga mvua isilowanishe majani, neti ya pembeni inakinga wadudu. Joto linalojikusanya ndani halikuombwa na mtu, na kwa miezi mingi ya mwaka ni kero. Ukianzia hapo, utaona kwa nini kazi inayofaa mwezi wa saba inaua mimea mwezi wa kwanza.

Jambo jingine la kujua mapema ni uko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Arusha mjini ni kama mita 1,400. Moshi mjini ni kati ya 800 na 900. Kwa kawaida joto hupungua karibu digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya miji hii miwili kuna tofauti ya digrii tatu hivi, na kwenye nyanya digrii tatu ni nyingi. Halafu kuna watu wa Kibosho na Machame ambao anwani zao ni Moshi lakini hali yao ya hewa ni ndugu wa Arusha. Nikisema Moshi hapa chini, namaanisha mjini na kushuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC.

Kipupwe, penye mkanganyiko mkubwa

Juni hadi Agosti Arusha kunapoa. Asubuhi ya Julai kipimajoto kinaweza kusoma digrii 12 au 13, na mwenye bustani akijisikia baridi anaihurumia mimea. Saa kumi na moja jioni anateremsha mapazia ya nailoni pande zote, hafungui mpaka saa nne asubuhi. Kuna mafundi wanaokwenda mbali zaidi: "Mama, hapa pembeni nikuwekee nailoni tupu, hii neti inapitisha baridi." Mama anakubali, na kuanzia hapo gharama ya dawa za ukungu inapanda kila wiki.

Fuatilia kinachotokea ndani. Mchana kutwa udongo na majani vimetoa mvuke, na hewa yenye joto inaweza kubeba mvuke mwingi. Jua likizama hewa inapoa, uwezo wake wa kubeba unapungua, na mvuke uliozidi unageuka maji. Wakati huohuo nailoni haizuii joto kama inavyodhaniwa. Ile ya mikroni 200 unene wake ni moja ya tano ya milimita tu, na ikiwa ni ya kawaida inapitisha kwa urahisi mionzi ya joto inayotoka ardhini kwenda angani. Kufika alfajiri, ndani kumezidi nje kwa digrii moja au mbili. Usiku uliotulia, usio na upepo wala mawingu, ndani kunaweza hata kuwa na baridi kuliko nje, kwa sababu nailoni inazuia hewa ya nje yenye joto kidogo isiingie kuchanganyika. Kwa hiyo mapazia yale hayakuleta joto la maana. Yalichofanya ni kufungia unyevu.

Ingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone. Upande wa ndani wa nailoni umejaa matone, na ukigusa bomba moja la fremu kwa bahati mbaya yote yanakumwagikia shingoni. Yasiyokupata wewe yanapata mimea. Majani ya chini yana ushanga wa maji kwenye ncha, udongo chini yake unateleza, na hewa ni nzito. Bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani na mashina ya nyanya, inataka mazingira hayohayo: ubaridi wa digrii 15 hadi 20 hivi, na jani lililolowa saa nyingi mfululizo. Inaanza kama doa la kijani lililofifia, linaloonekana limelowa maji, mara nyingi ukingoni mwa jani. Geuza jani hilo asubuhi kabla halijakauka, utaona utando mweupe mwembamba kuzunguka doa. Siku chache baadaye shina lina mabaka ya kahawia iliyokolea, na ndani ya wiki mbili mstari mzima umeungua.

Kinachofanya kazi ni kinyume cha huruma. Acha neti bila kufunikwa usiku na mchana, na mapazia yashuke tu pale mvua ya upepo inapoingia ubavuni, tena upande unaopigwa peke yake. Kama ulifunga, fungua mapema, kabla jua halijapasha nyumba: tunda na shina huchelewa kupata joto, na hewa ya moto yenye mvuke ikikuta tunda la baridi inaacha maji juu yake. Mwagilia asubuhi, kidogo, kwa kuwa mmea wa kipupwe hunywa kidogo. Toa majani ya chini mpaka usawa wa kichala kinachoiva, na kazi hiyo ifanyike saa ya ukavu ili vidonda vikauke siku hiyohiyo.

Na baridi yenyewe je? Nyanya inapunguza mwendo, inaiva pole pole, lakini Arusha mjini haifi kwa baridi. Ambaye hataki kusubiri aangalie nje ya kitalu: kipupwe ni msimu wa karoti, kabichi, saladi, njegere, chainizi na mboga ya majani ya loshuu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji nailoni. Moshi ndio kabisa, kipupwe ni msimu mzuri kuliko yote wa nyanya, kwa sababu joto limeshuka mpaka pale maua yanaposhika bila kubembelezwa.

Kwa kuwa jua ni hafifu, huu pia ni wakati wa kuosha nailoni. Vumbi la barabara na ule ukijani unaobaki baada ya masika vinakula mwanga mwingi. Mopu laini, maji, sabuni kidogo, basi. Brashi ngumu inakwaruza. Ukiwa juu ya ngazi angalia pale nailoni inapogusana na bomba la chuma. Chuma kikipata jua kinachemka, na nailoni huanza kuchakaa na kupasuka kwenye mistari hiyo kabla ya sehemu nyingine. Mabomba yakipakwa rangi nyeupe kabla ya kuvalishwa, umeongeza umri wake. Nailoni iliyowekewa kinga ya mionzi ya jua hudumu miaka mitatu au minne hivi, lakini salfa inayopulizwa kwa ugonjwa wa ubwiri unga na dawa zenye klorini huifupishia maisha. Ile ya ujenzi inayouzwa kwa mita haina kinga hiyo, na jua letu huigeuza vipande mapema mno. Ukiiona ni rahisi, hesabu na kazi ya kuivua.

Kiangazi, mambo yanageuka

Januari na Februari adui ni joto. Moshi nje kukiwa na digrii 33, ndani ya banda fupi lisilo na mwanya juu kunapita 40 bila shida. Nyanya inaonekana imestawi, majani yamejaa, lakini maua yanadondoka. Mwenye bustani anakwenda duka la pembejeo, anauziwa chupa ya kupulizia "inayoshikisha maua". Mmea haujakosa lishe. Mchana ukizidi digrii 35 hivi chavua hupoteza nguvu, na usiku wa joto unaongezea, basi ua halipati tunda. Hata lile tunda lililoshika linaiva rangi ya chungwa, maana ile rangi nyekundu haitengenezwi vizuri joto likizidi 30.

Tiba ni ya bei nafuu. Koroga chokaa na maji iwe nyepesi, paka juu ya nailoni kwa nje mwishoni mwa Desemba, ukiacha mwanga wa kutosha upite. Uzuri wake ni kwamba hutakuja kuiondoa wewe: mvua za Machi zitaiosha zenyewe, wakati huohuo unapouhitaji mwanga. Anayetumia neti ya kivuli aitandaze juu ya paa, nje. Ikiwekwa ndani inapata moto na kuuacha mlemle ndani. Na mwanya wa juu ni lazima, kwa sababu hewa ya moto hupanda, na isipopata pa kutokea neti ya pembeni haitoshi. Kuna mvutano hapa: kadiri matundu ya neti yanavyokuwa madogo kuzuia inzi weupe, ndivyo hewa inavyopita kwa shida. Kwa maoni yangu, mtu wa Moshi ya chini anayelima kwa ajili ya jikoni hana haja ya nailoni mwaka mzima. Ajenge banda la neti, na nailoni ya juu aivalishe masika peke yake.

Kiangazi pia ndio msimu wa kantangaze. Nondo huyu mdogo wa kijivu alionekana kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2014, huku kwetu Arumeru, na tangu hapo hakuna mkulima wa nyanya asiyemfahamu. Kiwavi wake anaishi ndani ya jani, anakula nyama ya katikati na kuacha ngozi mbili zinazopitisha mwanga na kinyesi cheusi kati yake. Ukitaka kuelewa kwa nini Februari anakushinda na Julai unamsahau, angalia muda wa maisha yake: kwenye digrii 27 anatoka yai mpaka kuwa nondo kwa siku 24 hivi, kwenye digrii 14 anahitaji kama siku 76. Msimu mmoja wa nyanya kwenye joto unampa vizazi vitatu au vinne, na kila jike hutaga mayai mengi mno.

Hapo chandarua kinapimwa. Neti nzuri yenye tundu la ukubwa wa kidole gumba ni sawa na hakuna neti. Mlango mmoja unaofunguka moja kwa moja kwenye mimea ni tundu kubwa kuliko yote. Weka miwili, yenye nafasi ya mtu kusimama katikati, afunge wa nje ndipo afungue wa ndani. Miche ya kununua sokoni iangalie chini ya majani kabla haijavuka mlango, kwa kuwa mara nyingi mayai yanaingia kwa miguu ya mwenye nyumba. Tundika mtego wa feromoni, yaani harufu ya jike inayovuta madume, na jani lenye mchoro wa kwanza lichume, lifunge kwenye mfuko wa nailoni na kuliacha juani. Usilitupe kwenye shimo la mboji.

Mwenzake wa joto ni utitiri mwekundu, unaoacha vidoa vyeupe vidogo na utando chini ya jani. Yeye hapendi maji, kwa hiyo asubuhi ya kiangazi rashia majani kwa chini. Utasema nimekataza kulowanisha majani. Ni kwa kipupwe, jani linapokaa limelowa mpaka saa nne. Mwezi wa pili linakauka ndani ya nusu saa.

Kuna tatizo lingine linalofika na joto: kitako cha nyanya kuwa cheusi, kikavu, kilichobonyea. Watu huita ugonjwa. Ni kalsiamu kushindwa kufika mwisho wa tunda, na kalsiamu husafiri na maji. Udongo unaweza kuwa nayo tele, lakini ukimwagilia leo ndoo nzima na kesho kutwa hakuna, safari inakatika. Maji kidogo kila siku, kwa mpira wa matone, huponya wengi kuliko chupa ya kalsiamu. Hakikisha tu mipira inatoa kweli: safisha chujio kila wiki, fungua ncha za mwisho maji yatoke na uchafu, na tanki liwe jeusi au limefunikwa, kwa sababu mwanga ukiingia mwani unaota na kuziba vitundu.

Jua kali lina faida moja inayosahaulika: linasafisha udongo. Kitalu kilichopandwa nyanya misimu kadhaa mfululizo hujaa minyoo fundo, vijinyoo vinavyovimbisha mizizi, na vimelea vya mnyauko. Januari, kikiwa kitupu na paa halijapakwa chokaa, lima udongo, vunja mabonge, mwagilia mpaka ulowe vizuri, kisha tandika nailoni inayoonyesha iliyobana ardhini, kingo zote umezifukia. Iache wiki nne hadi sita. Iwe inayoonyesha, siyo nyeusi, maana nyeusi inapata moto yenyewe badala ya kuupeleka udongoni. Unyevu nao ni muhimu, udongo mkavu haupitishi joto vizuri. Hapa ndipo, kwa mara moja tu mwaka mzima, mapazia yote yanashushwa.

Na hesabu inakubali. Miche ikisiwa kwenye trei mwanzoni mwa Januari, mahali pengine penye neti, itakuwa tayari katikati ya Februari, wakati nailoni inaondolewa. Nyanya huchukua siku 75 hadi 90 tangu kuhamishwa mpaka kuanza kuchumwa. Utaanza kuchuma mwezi wa tano, bustani za nje zikiwa zimelala kwa mvua.

Masika na vuli

Masika, Machi hadi Mei, ndipo mwavuli unapolipa. Nyanya ya nje Arusha mwezi wa nne ni ya mtu mwenye pampu ya dawa mgongoni. Ya ndani haihitaji mengi, mradi maji yanayotoka paani yasiingie kwa chini. Chimba mfereji kuzunguka banda, wenye mteremko wa kuyapeleka mbali. Mnyauko bakteria unasafiri na maji yanayotiririka, na tope la viatu. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona nyuzi za maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato baada ya dakika chache, ndio wenyewe. Hauna dawa, ng'oa mche na udongo wake, na usipande nyanya hapo.

Maji hayo ya paani usiyaache yapotee. Banda la mita 8 kwa 15 lina eneo la mita za mraba 120. Mvua ya milimita 10 ni lita 1,200, na hata ukitoa yanayorukia pembeni umejaza simtanki la lita 1,000. Upande wa Mlima Meru yana thamani ya ziada, kwa kuwa maji ya visima na chemchemi nyingi huko yana floridi nyingi. Nyanya na mboga nyingi zinavumilia, ila ile dracaena ya kwenye chungu sebuleni, jamii ya masale, ina uwezekano wa kukauka ncha za majani kwa sababu hiyo. Mpe maji ya mvua.

Bustani ya nje masika haidai mengi: matuta yaliyoinuka, michirizi iliyo wazi, matandazo yasogezwe mbali na mashina kwa ajili ya konokono. Samadi na urea zigawe kidogo kidogo, mvua kubwa inashusha naitrojeni chini ya mizizi. Parachichi na migomba mipya vipandwe mvua zinapoanza, vipate miezi miwili ya kumwagiliwa bure.

Vuli ni msimu usiotabirika. Mwaka mwingine inanyesha wiki chache na kuondoka. Ile ya 2023, mwaka wa El Niño na maporomoko ya Hanang, haikuwa na mchezo. Sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, unaotolewa kabla ya vuli na kabla ya masika, na Septemba kavu itumie kwa matengenezo: kushona neti, kubadilisha nailoni iliyochoka, kukaza nyaya zinazobeba kamba za mimea.

Septemba pia ndio wa kuamua nini kinafuata ardhini. Wengi wanatoa nyanya wanaweka hoho, wakiamini wamebadilisha zao. Nyanya, hoho, nyanya chungu, bilinganya, viazi mviringo na mnafu ni ukoo mmoja, na magonjwa yao mengi ni ya ukoo. Baada ya nyanya weka maharage, vitunguu, chainizi au saladi. Tango la kawaida linahitaji nyuki, na neti imewafungia nje, kwa hiyo chukua mbegu ya aina inayozaa bila kuchavushwa. Nyanya inajichavusha, ila upepo haupo wa kuitikisa. Gongagonga kamba zake saa nne asubuhi, kila siku moja au mbili. Na ule mnafu uliojiotea mlangoni kwa kitalu, unaochumwa jioni kwa mboga, kantangaze anaula pia. Uhamishie upande wa pili wa nyumba.